Mbwa Koko na Mbwa wa Karatasi

Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi, msidhani nimewatenga. Ni majaribio, semina mbili za kuwasilisha, na boom ambalo mpaka leo tunalisikia kwa wenzetu tu. Ila leo siandiki shida za chuo, mmezichoka na mimi nimezichoka. Leo naandika historia ya mbwa. Ndiyo, mbwa. Wenzangu wa chumbani wameshacheka, na ninyi chekeni kwanza halafu tuendelee.

Sababu yenyewe ni mdogo wangu. Kwetu ni Nshambya, Bukoba, nyumba ndani ya migomba. Wezi walipoanza kutembelea mtaa wetu, mzee akaenda kwa jamaa yake mmoja akarudi na jike la German Shepherd, zuri kweli, masikio yamesimama kama antena. Kaka yake, wa uzao uleule, alichukuliwa na jirani wa mtaa wa pili. Sasa jike limefikia umri wa kuzaa, na mdogo wangu ameshapiga hesabu: anataka kulipandisha kwa kaka yake huyo, watoto wauzwe, apatikane mtu wa kulipa ada. Nikamuuliza kwa nini kaka na dada, mbwa wameisha Bukoba? Akanijibu kwa meseji, nainukuu: "Dada, lazima damu ibaki safi. Popi akimgusa tu, mzigo umeharibika." Popi ni dume letu la kienyeji, rangi ya udongo, mkia umejikunja, yuko nyumbani kabla mimi sijamaliza fomu foo. Siku hizi anafungwa kamba kama mshtakiwa.

Hili la "mzigo kuharibika" si mzaha. Mwaka jana mtaani kwetu jike jingine la kizungu lilizaa machotara sita. Mwenyewe, simtaji, aliwatia wote kwenye kiroba wakaishia mto Kanoni. Hakuna aliyeshangaa sana. Watu walimpa pole yeye kwa hasara.

Basi nikaanza kusoma. Nilitaka kujua hii "damu safi" ilianza lini, maana sisi watu wa historia tumefundishwa kwamba kila kitu kinachoitwa cha asili kina tarehe. Na kweli kina.

Tuanze na maneno yetu wenyewe. Mbwa koko. Leo ukisema koko, mtu anaelewa mbwa asiye na ukoo wala thamani. Lakini kamusi za zamani zinaeleza koko ni vichaka, mikoko, kule kwenye majimaji na miti iliyosongamana. Mbwa koko alikuwa mbwa wa vichakani, yaani neno lilitaja anakoishi, halikutaja damu yake. Chotara tulilipata pwani kutoka kwa watu wa Bara Hindi. Na lile baya kuliko yote, shenzi, ndilo lenye safari ndefu. Watu wa pwani waliwaita watu wa bara washenzi, wale ambao hawajastaarabika, na bara kwa maana yao ni pamoja na sisi Wahaya na nshomile yetu yote (poleni ndugu zangu). Misafara ikalibeba neno mpaka Kongo. Walowezi wa Kizungu wa Kenya na Tanganyika wakaliokota, wakalitia kwenye Kiingereza chao: kila mbwa wa Mwafrika akawa "shenzi". Mbwa wa bwana ana jina la kabila na ana cheti. Mbwa wa mpishi ni shenzi. Lishikeni hili neno, nitalirudia mbele na mtashangaa limekwenda kuolewa wapi.

Sasa hao wenye vyeti. Onyesho la kwanza la mbwa lenye mashindano ya kupangwa lilifanyika Newcastle, Uingereza, Juni 1859. Walikuja mbwa 60 tu, wote wa kuwindia ndege, na zawadi ilikuwa bunduki. Chama kikubwa cha mbwa cha Uingereza, Kennel Club, kikaanzishwa London mwaka 1873, na mwaka uliofuata kikatoa kitabu cha koo. Hicho kitabu ndicho kiini cha mambo yote. Kabla yake mbwa wa kuchunga alikuwa mbwa anayechunga. Akichunga vizuri, unampandisha kwa mwingine anayechunga vizuri, basi. Baada ya kitabu, mbwa ni nani kunategemea wazazi wake wameandikwa au hawakuandikwa. Na kitabu kikishafungwa, hakuna mgeni anayeingia, hata awe hodari vipi. Ni kama klabu ambayo wanachama wanaruhusiwa kuoana wenyewe kwa wenyewe tu, milele.

German Shepherd mwenyewe, fahari ya mdogo wangu, ana siku ya kuzaliwa. Mwaka 1899 ofisa mmoja wa jeshi la farasi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimwona mbwa wa kuchunga kondoo kwenye onyesho mjini Karlsruhe. Akampenda, akamnunua, akambadilisha jina kutoka Hektor Linksrhein akawa Horand von Grafrath. Mwezi huohuo wa Aprili akaanzisha chama, na Horand akaandikwa namba moja kwenye kitabu. Kabla ya hapo hao walikuwa nani? Walikuwa mbwa wa wachungaji vijijini, wa maumbo tofauti na rangi tofauti, kila jimbo na wao. Walikuwa akina Popi wa Ujerumani! Kilichotokea ni kwamba mtu mmoja mwenye kalamu aliwachagua wachache, akafunga mlango.

Mwaka huo wa 1899 Bukoba ilikuwa tayari ina boma la Wajerumani, maana Emin Pasha aliweka kituo pale mwaka 1890. Kwa hiyo, wadau, mji wetu unamzidi German Shepherd miaka tisa. Ukiangalia barabara zake hutaamini, lakini ndiyo hivyo.

Waingereza nao kwenye Vita Kuu ya Kwanza hawakutaka kitu chenye jina la Kijerumani, wakamwita Alsatian, na jina hilo ndilo wazee wengi wa Afrika Mashariki walilolizoea. Chama chao kilimrudishia jina la Kijerumani rasmi mwaka 1977. Mbwa ni yuleyule.

Tuje kwenye madhara. Naomba watu wa sayansi wanivumilie, naeleza kwa lugha ya mtu wa sanaa. Kila kiumbe hubeba vinasaba viwili viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Vingi kati ya vilivyoharibika havina madhara kama mwenzake ni mzima, vinajificha tu. Ukipandisha ndugu, unaongeza uwezekano wa kibovu kukutana na kibovu chenzake. Kwa kaka na dada wa baba na mama mmoja, kwa wastani robo nzima ya vinasaba vya mtoto inakuwa jozi ya kitu kilekile kilichotoka kwa babu au bibi mmoja. Robo! Ukifanya hivyo tena kwenye uzao unaofuata, inapanda zaidi. Ndiyo maana ukiwauliza madaktari wa mifugo kuhusu German Shepherd watakuambia nyonga, na ukiwauliza kuhusu mbwa wenye nyuso zilizobonyea watakuambia pumzi.

Mwaka 2008 watafiti wa Imperial College, London, walichambua koo za mbwa wa Uingereza. Pug walikuwa kama 10,000 hivi, lakini ukipima utofauti wao wa damu, ni kama una mbwa 50 tu. Mwaka huohuo BBC ilirusha filamu iliyoonyesha mbwa mabingwa wenye maumivu, na zogo lake lilikuwa kubwa mpaka BBC yenyewe ikaacha kuonyesha mashindano ya Crufts kuanzia mwaka uliofuata. Na mwaka 2009 Kennel Club, hao hao wenye kitabu, wakakataa kuandikisha watoto waliozaliwa na kaka na dada, au na mzazi na mtoto wake. Norwei wamekwenda mbali zaidi, kesi imefika mpaka mahakama ya juu, na mwaka 2023 ikaamuliwa kwamba kuzalisha Cavalier King Charles kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama. Bulldog walinusurika kwenye hukumu hiyo, lakini kesi yenyewe tu inakuonyesha upepo unakoelekea.

Kwa hiyo kile mdogo wangu anachokiita usafi, wenye mbwa wenyewe wamekipiga marufuku. Nilimwandikia hivyo. Akajibu, "Dada, wewe soma historia, biashara niachie mimi."

Nikaona niachane na Uingereza, nimjie kwa kwetu. Sisi Wahaya, mtu akipeleka posa, swali la kwanza ni nini? Ni ukoo gani, na muziro wake nini. Mkikuta mko ukoo mmoja, muziro mmoja, mambo yanaishia pale pale, hata kama mahari iko mezani na lubisi imeshamiminwa. Wazee wetu hawakuwa na maabara ila walikuwa wameona ya kutosha. Sasa inakuwaje watu wanaouliza muziro mpaka kizazi cha tano kwa ajili ya binti yao, wanampandisha mbwa kwa kaka yake tumbo moja na kuita ni usafi? Nikamwambia ampelekee bibi swali hilo kabla ya kumpeleka jike kwa jirani. Alilipeleka. Bibi, nasikia, alimwuliza kama huko shuleni ndiko anakofundishwa hayo, na dume la jirani likafutwa kwenye mpango siku hiyohiyo. Sasa anatafuta German mwingine asiye ndugu, huko Muleba. Popi bado yuko kwenye kamba. Nusu ya ushindi.

Lakini kinachonishangaza zaidi kwetu ni ng'ombe. Nenda nyumba yoyote Bukoba au Muleba yenye ng'ombe wa maziwa bandani, muulize mwenyewe ni ng'ombe gani. Atakujibu kwa kifua mbele: "Chotara huyu!" Chotara kwenye ng'ombe ni sifa. Miaka ya 1980 na 1990 mradi wa maendeleo ya mifugo Kagera, KALIDEP, uliokuwa unafadhiliwa na Uholanzi, ulisambaza mitamba chotara kwa wakulima wadogo, Friesian kwa Boran. Unapewa mtamba, unaufugia ndani, unalipa kwa kurudisha mtamba mwingine utakaozaliwa. Samadi inakwenda kwenye kibanja, migomba inanenepa, watoto wanakunywa maziwa. Friesian mtupu ukimleta kwetu anakufa kwa ndigana na joto la mawazo. Wa kienyeji mtupu anaishi ila maziwa ni ya chai ya wageni. Aliyechanganywa ndiye anayesomesha watu. Baadhi yenu mnaosoma hapa mmesomeshwa na chotara, msikatae.

Na kuna ng'ombe wa Mpwapwa, kule Dodoma. Serikali ya mkoloni na kisha yetu zilimtengeneza kwenye kituo cha utafiti kwa kuchanganya Red Sindhi na Sahiwal wa upande wa India na Pakistani, Boran, zebu wetu wa kienyeji, na damu kidogo ya Ulaya. Leo anaitwa aina, ana jina, ana sifa zake vitabuni. Kwa hiyo chotara akipata ofisi na mtu wa kumwandika, anageuka kuwa safi. Tofauti ya machotara sita wa kwenye kiroba na ng'ombe wa Mpwapwa ni karatasi.

Nisije nikaonekana nasema kuchanganya ni kuzuri siku zote. Rafiki yangu mmoja wa Karagwe alinibana kwenye hili tukiwa kwenye foleni ya chakula, na hoja yake ina uzito. Kuchagua damu hatukufundishwa na Wazungu. Rwanda, ng'ombe wa Inyambo walikuzwa kizazi hadi kizazi kwa ajili ya pembe na mwendo, ng'ombe wa kuimbiwa na kupitishwa mbele ya mwami, na wengine wanatunzwa mpaka leo kwenye makumbusho ya ikulu ya zamani kule Nyanza. Ndugu zao ni hawa Ankole wenye pembe ndefu tunaowaona Karagwe na ng'ambo Uganda. Ni kazi ya wafugaji wa karne nyingi: anatembea mbali, anavumilia kiangazi, anashiba majani ambayo Friesian angeyasusa. Sasa kila mwenye Ankole anataka kupandisha Friesian apate maziwa. Chotara wa kwanza anapendeza, wa pili anapendeza, na baada ya muda huna tena Ankole wa kupandisha. Rafiki yangu anasema, "Wewe unatetea mchanganyiko kwa sababu unafikiria mbwa. Fikiria ng'ombe wa babu yangu."

Nimefikiria. Nadhani kuna tofauti ya anayeweka kundi kubwa la Ankole, madume mengi yasiyo ndugu, ili aina isipotee, na anayefunga mlango na mbwa wawili wa tumbo moja ili auze watoto ghali. Wote watasema wanatunza damu. Wa kwanza anatunza wingi wake. Wa pili anaumaliza. Lakini sijifanyi hoja ya rafiki yangu nimeimaliza, maana maziwa ni maziwa na ada ni ada, na mwenye Ankole naye ana watoto shuleni.

Haya, nirudi kwenye lile neno shenzi, niliahidi.

Kuna mbwa anaitwa Basenji. Ukimtafuta utaona picha: mdogo, masikio yamesimama, paji la uso limekunjamana kama mzee anayesoma notisi ya kodi, mkia umejiviringisha mgongoni. Habweki kama mbwa wengine, anatoa sauti kama ya kuimba. Nyumbani kwake ni misitu na savana za Kongo mpaka Sudani ya kusini, ambako Waazande na wengine waliwinda naye, na kwa vile habweki walimvisha kengele ya mti. Jina lake linaeleweka na kila anayejua Kiswahili, achilia mbali Kilingala: basenji ni washenzi. Mbwa wa washenzi. Tusi la msafara limekuwa jina la heshima kwenye vyeti vya London na New York. Mtu analipa maelfu ya dola kumnunua mshenzi mwenye karatasi.

Safari yake ya Ulaya ilianza vibaya. Wa kwanza walifikishwa Uingereza mwaka 1895 wakafa kwa ugonjwa. Mwaka 1937 mwanamke mmoja Mwingereza, Olivia Burn, akawaonyesha Crufts, na watu wakajaa kuwaona hao mbwa wasiobweka. Marekani chama cha mbwa kikawatambua mwaka 1944. Wote hao wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno waliopona safari. Kitabu kikafungwa.

Waliojali waliona hatari mapema. Mwaka 1959 mwanamke mwingine Mwingereza, Veronica Tudor-Williams, alisafiri mwenyewe mpaka Sudani ya kusini kutafuta damu mpya, akarudi na jike aliyempa jina Fula. Fula hakuwahi kupelekwa kwenye mashindano. Alizaa tu, na leo ni vigumu kumpata Basenji wa Ulaya au Marekani ambaye Fula hayumo kwenye ukoo wake. Jike mmoja wa kijijini.

Haikutosha. Basenji wa kwenye kitabu walikuwa na upungufu wa damu wa kurithi, na baada ya kuupatia kipimo na kuwaondoa wenye nao, ukajitokeza mwingine mbaya zaidi, ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi. Figo zinaacha kushika vitu vya maana, sukari na protini vinatoka na mkojo, mbwa anakunywa maji bila kukoma na anakonda mpaka anakufa. Ukatili wake ni kwamba unaanza mbwa akiwa na miaka minne, mitano, saba, yaani ameshazaa zamani. Mwenye mbwa haoni kitu, bingwa anapandishwa kila mahali, kisha bingwa anaanza kukonda na watoto wake wako nchi nzima. Kipimo cha kinasaba cha Fanconi kilipatikana mwaka 2007. Kabla ya hapo watu walikuwa wanapima mkojo wa mbwa wao kila mwezi kwa kijikaratasi, kama wagonjwa wa kisukari.

Sasa, unapokuwa na mbwa safi wanaokufa kwa usafi wao, unakwenda wapi? Mwaka 1987 na 1988 wapenzi wa Basenji kutoka Marekani walipanda ndege, wakaja Zaire, kaskazini mashariki. Walizunguka vijijini kwa Waazande wakaomba na kununua watoto wa mbwa. Mbwa wasio na cheti, wasio na ukoo ulioandikwa, waliolala jikoni kwenye majivu. Wengine walikuwa na rangi ya milia ambayo kitabu cha Marekani hakikuwa kinaitambua. Mwaka 1990 chama cha Marekani kikafungua kitabu, hao wakaandikwa, na milia ikaandikwa pia. Halafu mwaka 2009 kikafunguliwa tena mpaka 2013, ili wengine kutoka Afrika waingizwe.

Hapo niliposoma nilisimama kidogo, nikatoka nje ya maktaba. Yaani miaka yote hiyo huku kwetu tunafunga akina Popi kamba wasiharibu mzigo, wenye mzigo walikuwa njiani kuja kuwatafuta akina Popi wauokoe.

Mtaniambia Basenji ni aina maalumu, Popi ni mchanganyiko wa kila kitu. Hata mimi nilidhani hivyo. Mwaka 2009 kundi la watafiti wakiongozwa na Adam Boyko walichapisha utafiti wa mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Walitaka kujua hawa mbwa wa Afrika ni mabaki ya mbwa wa Wazungu waliozagaa, au ni watu wa hapa. Namibia ya kati walikuta damu ya Ulaya kwa wingi. Uganda walikuta wengi wao si mchanganyiko wa kizungu kabisa, ni kizazi cha mbwa wa zamani waliofika Afrika na kukaa, na Basenji wakaangukia upande wao. Kichekesho ni kwamba Rhodesian Ridgeback na Pharaoh Hound, wanaouzwa kwa majina ya Afrika, damu yao kwa sehemu kubwa si ya Afrika.

Mstari wa Mutukula, ile digrii moja kusini ya ikweta, ulichorwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1890. Mbwa hawakualikwa kwenye kikao. Wanapita kule na huku wanavyotaka, kama senene. Kwa hiyo huyu wa kwetu mwenye mkia uliojikunja ana uwezekano mkubwa wa kuwa na ukoo mrefu kuliko kila kitu kilichoandikwa kwenye kitabu cha London. Koko maana yake tu ni kwamba hakuna aliyekaa chini kumwandika.

Simaanishi tuanze kumwandika. Tukianza, kesho kutwa kutakuwa na chama cha Popi halisi, na watu watamfungia kwa dada yake. Alivyo sasa amechujwa na njaa, kupe na masafa, na wale dhaifu hawakufika. Huo nao ni uchaguzi, na si wa huruma, tusiuimbie sana. Watoto wa mbwa wanakufa wengi vijijini. Lakini kitu anachokihitaji Popi kwa hakika ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Wataalamu wanasema mbwa saba kati ya kumi wakichanjwa, ugonjwa unakatika njiani, na kwenye hesabu hiyo koko na wa cheti ni mbwa mmoja mmoja. Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni 28 Septemba. Walioko nyumbani Bukoba na Muleba siku hiyo, ulizeni kwa bwana mifugo wa kata mapema, na mkienda mpelekeni na wa jirani, hata kama mwenyewe anasema huyo ni shenzi tu.